Sura ya Saba: Kibao cha Bluu

Lori lilikuwa limeegeshwa nyuma ya kituo cha polisi, kati ya pikipiki zilizokamatwa na gofu la basi, na kila aliyetakiwa kulitazama alikuwa ameshalitazama. Watu wa trafiki walilitazama. Mpiga picha alilitazama. Mkuu wa kituo alilitazama kwa mbali, leso puani, akasema hapo kazi imekwisha. Mpelelezi peke yake ndiye aliyekuwa bado analizunguka, na hakuwa na raha hata chembe.

Kituoni walimwita Mama Kwanini, na jina lenyewe halikuwa la kumsifu. Wenzake walipenda kesi ikishafungwa ibaki imefungwa. Yeye kesi ikifungwa mapema mno alianza kujikuna.

Na hii ilikuwa karibu kufungwa. Juzi mchana tairi la nyuma la lori hili lilishika moto kando ya barabara kuu. Zimamoto walifika, Kamanda wao akasoma kibao cha tahadhari nyuma ya lori, akaamuru maji. Lakini mzigo ulikuwa kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo wachomelea vyuma huyatia maji ili yatoe gesi yao. Pipa lililolegea kifuniko likanywa maji, gesi ikakutana na moto. Kijana aliyeshika mpira wa maji alikufa palepale. Kamanda alitolewa akiwa hai, mikono yote miwili imeungua.

Kamanda alisema, na hakubadili hata neno, kwamba kibao alichokisoma kilikuwa cha mistari myekundu na myeupe, alama ya mzigo unaozimwa kwa maji. Kibao kilichokutwa kwenye lori kilikuwa cha bluu: ni marufuku maji. Kwa hiyo ama Kamanda hakutazama, ama alichanganya, ama anadanganya. Kamati ya uchunguzi ilikuwa ikae alasiri hiyo hiyo, na mjini watu walikuwa wameshachagua jibu la tatu. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote alikuwa anakwenda kuitwa muuaji wa kijana aliyekuwa chini yake.

"Bado tu, afande?" aliuliza askari wa zamu. Ndiye aliyelilinda lori tangu siku ya moto. "Hilo gari si limeshasema yote?"

"Halijasema chochote. Mmelisemea nyinyi."

Alichuchumaa mbele ya kibao. Taa ya breki, iliyokuwa kiganja kimoja tu kutoka pale, ilikuwa imeyeyuka na kuganda ikiwa imening'inia. Rangi ya bodi ilikuwa imetoka malengelenge pande zote. Kibao nacho kilikuwa kimejaa masizi. Akapitisha kidole juu yake, masizi yakatoka na kidole. Akapitisha kidole kwenye bodi, masizi hayakutoka. Yalikuwa yameiva kwenye chuma. Akafuta kibao kizima kwa kiganja, na chini yake bluu ilikuwa nzima, inang'aa, haina hata ufa.

"Niletee spana," alisema.

"Ya namba ngapi?"

"Yoyote inayofungua. Haraka."

Kibao kilishikwa na bolti mbili, mpya zote. Kilipotoka, mpelelezi aliinama karibu zaidi. Nyuma yake rangi ya bodi ilikuwa safi kabisa, umbo la kibao limebaki pale kwa usahihi. Maana yake kitu fulani kilikuwa kimeifunika wakati moto unawaka. Katika kila pembe kulikuwa na tundu, na kingo za matundu zilikuwa nyeupe kwa kukwanguliwa juzi juzi. Kwenye tundu moja kichwa cha ribiti, msumari wa kubana usiofunguka kwa spana, kilikuwa bado kimekwama.

"Palikuwa na kibao kingine," alisema. "Kilipigwa ribiti nne. Mtu amezitoboa kwa drili akakitoa, akaweka hiki, akakipaka masizi kwa mkono wake. Nani alilisogelea lori?"

"Hakuna mtu."

"Hakuna kabisa?"

Askari alikuna kichwa. "Kuna jamaa mmoja tu, lilipokuwa bado barabarani. Alisema ni shemeji yake dereva. Alikuja kuchukua viatu vya dereva."

"Viatu tu?"

"Alikuwa na gunia."

Mpelelezi alimtazama mpaka askari mwenyewe akaona aibu ya gunia lile.

*

Dereva alikuwa mahabusu tangu juzi. Wenzake walimwita Polepole, kwa sababu hakuwahi kukimbiza gari hata mara moja, na sasa jina hilo lilimkaa vibaya. Aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amevaa ndala za kuazima. Mpelelezi hakukaa. Alisimama akiegemea dirisha, kisha mlango, kisha dirisha tena.

"Umeandikisha kwamba hukugusa kibao."

"Sikukigusa, mama. Hata nikifa leo."

"Nakuamini. Kilikuwa cha rangi gani?"

Dereva aliinua kichwa.

"Tangu nikamatwe, hilo hakuna aliyeniuliza," alisema.

"Mimi nakuuliza."

"Kilikuwa cha salfa. Mistari myekundu na myeupe. Gari langu ni la salfa, ule unga wa njano. Miaka yote nabeba salfa."

"Na juzi ulijua umebeba kabaidi."

"Nilijua. Gari la kabaidi lilivunjika giaboksi, meneja akanipakilia mimi. Nikamwambia, bosi, na kibao je? Akasema kibao ni cha gari, wewe endesha."

"Kwa nini hukukitoa?"

Hapo dereva alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini hakung'oa usukani.

"Kimepigwa ribiti, mama. Vyote vimepigwa ribiti. Na anayekibandua anafutiwa leseni. Mwalimu alitufundisha hivyo darasani, akatupa mtihani, mimi nilipata zote. Kibao hakitoki kwenye gari, liwalo na liwe."

Mwalimu alikuwa mkaguzi wa usalama wa mizigo ya hatari. Madereva wote wa malori walipita mikononi mwake, na jina hilo walimpa kwa mapenzi. Mpelelezi naye alimfahamu. Jana tu alikuwa amemweleza kwa upole, kwa chaki na ubao, kabaidi ni kitu gani.

"Zimamoto walipofika ulikuwa wapi? Kwa nini hukuwaambia?"

"Nilikuwa juu barabarani nafukuza watu. Walikuwa wanasogea na simu zao wapige picha. Nilipogeuka nikaona mpira umeshanyooka." Alishika meza kwa mikono miwili. "Nilipiga kelele. Nilikimbia. Mimi naitwa Polepole, mama, lakini siku hiyo nilikimbia."

Mpelelezi alisubiri mtu huyo apate pumzi. Alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi, kwa kuwa saa ilikuwa inakwenda.

"Shemeji yako alikwenda kwenye lori. Ulimtuma akubadilishie kibao?"

"Nimtume yule?" Kwa mara ya kwanza dereva alikaribia kucheka. "Yule ukimtuma chumvi hurudi na habari."

*

Shemeji alikuwa na kibanda cha kuchaji betri nyuma ya soko. Alipomwona mpelelezi anaingia, alivuta turubai juu ya kitu kimoja kati ya vitu vingi vilivyokuwa sakafuni, jambo ambalo lilirahisisha sana upekuzi.

"Karibu, dada. Kuna simu ya kuchaji?"

"Funua."

"Hiki ni kitu cha mteja."

"Funua, shemeji."

Ilikuwa betri ya lori, kubwa, imeungua upande mmoja. Shemeji aliitazama kwa mshangao, kana kwamba na yeye ndiyo kwanza anaiona.

"Ukichunguza vizuri," alisema, "kwa kuwa dereva amemuoa dada yangu, na dada yangu ni kama mimi, hii betri imo katika familia."

"Ina mwenyewe, na mwenyewe ana gari lililoua mtu. Nataka kujua ulibadilisha kibao au hukubadilisha. Ukinidanganya, betri ndiyo itakuwa kosa lako dogo kuliko yote."

"Kibao gani?" Mshangao wa safari hii ulikuwa wa kweli. "Mimi sikufika huko nyuma. Nilifukuzwa."

"Na nani? Na askari?"

"Askari alikuwa kwenye kivuli na soda yake. Nilifukuzwa na Mwalimu. Alikuwa huko nyuma na drili yake ile ya chaji. Aliniambia nisisogee, hewa ina sumu. Nikaenda mbele, nikachukua viatu."

"Na betri."

"Na betri. Alinifokea hata kwa hilo. Akasema, weka hiyo chini wewe. Nikakimbia."

"Siku gani?"

"Jioni ile ile ya moto. Lori lilikuwa bado linafuka moshi."

Mpelelezi alitoka nje, akampigia simu askari wa zamu huku akitembea.

"Nilikuuliza nani alilisogelea lori. Mwalimu hukumtaja."

"Mwalimu?" askari alisema. "Afande, nilidhani unauliza watu. Mwalimu yule ni mkaguzi."

Alikata simu kabla hajasema neno ambalo angelijutia.

*

Ofisi ya Mwalimu ilikuwa darasa. Viti vya plastiki vilipangwa safu, na ukutani vilining'inia vibao vya mfano, kila kimoja kwenye msumari wake: cha petroli, cha asidi, cha sumu, cha salfa. Msumari mmoja ulikuwa mtupu. Mwalimu alikuwa mbele ya kioo kidogo anafunga tai, kwa kuwa alikuwa mjumbe wa kamati.

"Aa, karibu, afande. Twende pamoja? Nina nafasi kwenye gari."

"Mwalimu, kwenye lori ulifika lini?"

"Kesho yake asubuhi. Nimeshaeleza."

"Shemeji yake dereva anasema alikukuta pale jioni ile ile, una drili mkononi."

"Yule mwizi wa betri?" Mwalimu alicheka kidogo na kuiweka tai sawa. "Afande, utamsikiliza mtu wa aina ile?"

Mpelelezi alivuta kiti cha plastiki, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakaa.

"Habari ya betri nimeipata nusu saa iliyopita," alisema. "Sijamwambia mtu yeyote. Kesho yake asubuhi betri ilikuwa imeshafika sokoni. Ungemwonaje akiiba?"

Mkono wa Mwalimu ulibaki kwenye tai. Akakaa naye, katika kiti cha mwanafunzi cha safu ya mbele.

"Unajua madereva walikuwa wanafanya nini?" alisema. "Kabla ya ribiti? Wakikaribia mji walikuwa wanavua vibao. Mtu ana asidi, anavua kibao, anaegesha kando ya shule, anakwenda kulala. Wenye nyumba za wageni hawawataki, polisi wanawasimamisha kila kona, basi wanavua. Nilipiga kelele miaka na miaka. Mwisho nikaandika kanuni mpya. Kibao kisitoke kwenye gari. Ribiti nilizipiga kwa mkono wangu, gari moja moja. Huko juu walinipigia makofi."

"Na gari likibadili mzigo?"

"Haliruhusiwi. Kanuni inasema kila lori na mzigo wake."

"Na giaboksi ikivunjika?"

Mwalimu alitazama vibao vyake ukutani.

"Giaboksi ikivunjika, Mwalimu. Meneja ana mteja anamsubiri. Dereva ana kibao asichoweza kukitoa na leseni asiyoweza kuipoteza. Atafanya nini?"

"Nilifika pale nikakiona," alisema Mwalimu, sauti chini. "Kile cha salfa. Kimeungua lakini kimekaa imara kabisa. Ribiti zangu. Nikajua. Mimi sikutaka kumdhuru mtu, afande. Nilifikiri kanuni ikianguka, wataanza tena kuvua, na watakufa wengi zaidi. Nikarudi kuchukua cha bluu hapo ukutani."

"Na Kamanda?"

"Kamanda wangemstaafisha tu."

"Tu," alisema mpelelezi. Ilimbidi ainuke, azunguke viti, ndipo aweze kusema tena. "Kile cha salfa kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye kabati, kimefungwa ndani ya koti la mvua. Mistari ilionekana vizuri, myekundu na myeupe, pamoja na rangi iliyotoka malengelenge.

"Sijaweza kukitupa," alisema Mwalimu.

"Malori uliyoyapiga ribiti, leo yako wapi?"

"Yote?"

"Yote. Giaboksi haivunjiki gari moja tu duniani." Alimwekea simu ya mezani mbele yake. "Piga vituo vyote vya mizani. Kila lori lisimame, turubai lifunuliwe, mzigo uangaliwe kwa macho."

"Niwaambie sababu gani?"

"Waambie vibao vinaweza kuwa vya uongo."

Mwalimu alipiga. Mara ya kwanza sauti haikutoka vizuri, na mtu wa upande wa pili akamwomba arudie, kwa hiyo akarudia: vibao vinaweza kuwa vya uongo, ndiyo, ni mimi ninayesema, mimi Mwalimu. Mizani ya tatu ilijibu kwamba lori moja limepita sasa hivi tu. Lina kibao cha mbolea, na mizani imeshangaa mbolea gani inatoa moshi mweupe kwenye kifuniko.

Mpelelezi alimnyang'anya simu. "Limeelekea wapi? Pikipiki mnazo? Basi lifuateni. Wakae nyuma mbali, wapige honi, wasilipite kwa karibu." Akabaki na simu sikioni, anatembea mpaka waya ulipomzuia, anarudi, anatembea tena. Mwalimu aliziba uso kwa mikono. Nje gari la kamati lilipiga honi, hakuna aliyekwenda. Kisha sauti ikarudi, ikihema: wamelisimamisha kwenye uwanja mtupu. Ni asidi. Dereva amekaa chini ya mti na hajui amekosa nini, maana hakubandua kibao.

*

Kamanda alikuwa kwenye korido ya hospitali, anasubiri gari la kumpeleka mbele ya kamati. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko, kwa hiyo alivalishwa shati la kazi na mkewe, ambaye alikuwa anamfunga vifungo, kimoja kimoja, bila haraka. Mpelelezi alikuja nusu anakimbia, na alipofika hakujua aanzie wapi. Akasema tu.

"Kamanda, kibao kilibadilishwa baada ya moto. Tumempata aliyekibadilisha na tumekipata chenyewe. Kamati inaambiwa sasa hivi."

"Kilikuwa na mistari?"

"Kilikuwa na mistari. Ulisoma sawasawa."

Mkewe aliegemeza paji la uso kwenye bega la mumewe. "Nilikuambia," alisema. "Si nilikuambia, baba? Mpaka nikakuapia."

Kamanda alitikisa kichwa. Mpelelezi alitegemea kumwona mtu aliyetuliwa mzigo, akaona uso ule ule, ila macho yakiwa yamefunguka zaidi.

"Na kwa nini kilikuwa cha uongo?"

Alimweleza kwa ufupi: madereva waliokuwa wanavua, kanuni, ribiti, giaboksi. Kamanda alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo zamani, yule dereva angekuwa amekivua."

"Labda."

"Dada yangu, unajua sisi hufanyaje tukikuta gari halina kibao?" Hakusubiri jibu. "Tunasimama mbali. Hatumwagi hata tone. Tunamtafuta dereva kwanza, tunamuuliza umebeba nini. Hata tairi liungue mpaka liishe. Dereva alikuwa hapo hapo barabarani, nilimwona anapunga mikono."

"Hukuwa na njia ya kujua, Kamanda."

"Yule mtoto aliyeshika mpira alinusa," alisema Kamanda. "Alikuwa na pua kali, wenzake walikuwa wanamtania. Aliniambia, mzee, hapa pananuka kama karakana ya kuchomelea. Una hakika na maji?"

Mkewe aliacha vifungo.

"Mimi nikacheka," alisema Kamanda. "Nikamuuliza, kwani wewe hujui kusoma?"